Kuku Waliovaa Suruali

Kanali aliruka, akatua kwenye goti la Namutebi na kumwikia usoni.

Namutebi, Mganda muuza nguo sokoni, alicheka hadi nywele alizokuwa akisukwa zikamponyoka msusi wake, Adhel, mikononi. Kanali alikuwa jogoo kibete, hamzidi njiwa, mwenye manyoya hadi vidoleni kama aliyevaa suruali ya kuazima. Wake zake wanne walikuwa chini ya kiti, wakigombania kipande cha uzi.

Mwenye nyumba, Celestino, akatokea mlangoni, macho mekundu. Alikuwa mlinzi wa usiku. Mchana ndio ulikuwa usingizi wake.

"Dada Adhel, mimi nimechoka. Kuku au chumba. Kesho uniambie."

"Nakuambia leo, mzee. Huna makosa. Nitahama."

Namutebi aligeuka. "We! Kwa sababu ya kuku? Uza kwa hoteli, mimi iko na mtu."

"Hawa si wa sufuria."

Adhel alizirudia nywele, akaendelea kusuka. Alikuwa amerudi Juba kutoka Nakuru mwaka 2007, juu ya lori, akitafuta ndugu ambao hakuna aliyewajua. Miezi mitatu ilipita bila mtu kumpigia hodi. Kisha akanunua wale kuku wadogo kwa dereva mmoja kule Nesitu, na watu wakaanza kusimama langoni wacheke, halafu waingie, halafu wakae wasukwe.

Kesho yake alihamia kibanda kimoja kule Jebel, chini ya mlima. Hakikuwa na uzio, na mbwa watatu walikuwa wamekwisha kuwanusa kuku.

Adhel aliwafunika kuku kwa tenga, akaliwekea jiwe, akaanza kazi kwa rundo la fito. Hakuwahi kujenga uzio maishani. Lakini fito tatu ni kama mafungu matatu ya nywele: wa kulia upite katikati, wa kushoto upite katikati, vuta. Kufikia adhuhuri viganja vilichubuka. Mbwa wakasogea, akawatupia bonge la udongo wakakimbia, akarudi kusuka. Tengani, Kanali aliwika kwa majivuno, kana kwamba wamemkimbia yeye.

Jirani, mama aitwaye Amou, alikuja kuchungulia.

"De jidad?" aliuliza kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiswahili: "Hii ni kuku kweli?"

"Ni kuku, mama."

"Watakua lini?"

"Wamemaliza kukua."

Amou alicheka, akajishika mbavu, akaenda zake bado akicheka.

Mawingu yalijikusanya juu ya mlima. Adhel alinyoosha mkono kuchukua ufito mwingine; rundo lilikuwa limekwisha. Akasimama, akiutazama upenyo uliobaki.

Kutoka upande wa pili, pamoja na kicheko cha Amou, ufito mbichi ulichomoza polepole katikati ya uzio, ukasubiri kupokewa.