Sauti Yangu Mwanzoni mwa Wimbo wa Sumirah

Nilimshtaki Giyono kwa wizi. Nalisema mapema ili anayetaka kunicheka aanze sasa.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha simu mbele ya soko la Gemolong. Watu hawakuja kwangu kununua simu, walikuja kujaziwa nyimbo. Mtu analeta kadi yake ya memori, naichomeka kwenye kompyuta, anachagua anazotaka, anaondoka na nyimbo mia mbili. Zote nilizipakua bure mtandaoni. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama sheria inaruhusu. Nikamjibu, "Mwalimu, kilichoko mtandaoni ni cha wote. Kama mwenyewe hataki kichukuliwe, alikiweka huko cha nini?" Jibu lilinipendeza hata nikawa nalitoa bila kuulizwa.

Walioniudhi ni wenye vibanda wengine, waliojifanya wateja ili wazoe nyimbo nilizohangaika mimi kuzitafuta. Nikabuni dawa. Mwanzoni mwa kila wimbo, kabla mwimbaji hajaanza, niliweka sauti yangu: "Pairan Simu, mbele ya soko, hakuna mwingine!" Nilijiona mjanja kweli.

Siku moja nikapita kwenye kibanda cha Giyono, ng'ambo ya reli, nikasikia spika yake inapiga wimbo wa tempe, ile soya iliyochachushwa inayouzwa vipande vipande, wimbo uliopendwa kuliko nyimbo zote mwaka ule. Sauti yangu ikaanza, "Pairan Simu, mbele ya..." halafu ikafunikwa na yake: "Giyono Simu, karibu na reli!" Damu ikanichemka. Nikaendesha pikipiki moja kwa moja hadi kwa Mzee Darsono, mwenyekiti wa mtaa wetu.

Nilichagua siku mbaya. Mzee Darsono alikuwa anamwoza binti yake kesho yake, na mtaa mzima ulikuwa kwake kusaidia, kama ilivyo desturi. Wanaume walikuwa wanafunga hema, wanawake wako jikoni wanakuna nazi. Giyono mwenyewe alikuwa amenitangulia, yuko juu ya ngazi na kamba mkononi. Mwenye akili angegeuza pikipiki. Mimi nilisimama katikati ya ua.

"Shuka hapo, mwizi wewe! Umeniibia wimbo!"

"Wimbo gani?"

"Wa tempe!"

"Kwani umeuimba wewe?" Giyono akauliza bila kushuka. "Wewe ukiimba si hata bata watahama mtaa?"

Watu wakacheka. Nikazidi kuwaka.

"Usinichekeshee watu! Sauti yangu imo mle ndani!"

"Si wewe unayesema kila siku kilichoko mtandaoni ni cha wote? Haya, na mimi ni mmoja wa hao wote, kaka. Tulia."

"Mzee," nikamgeukia Darsono, nikachomoa kadi kwenye simu yangu, "naomba upigwe kwenye spika za harusi. Kila mtu asikie ni wa nani."

Mzee Darsono akajifuta jasho. "Pigeni, jamani, tumalize. Hema halijifungi lenyewe."

Wimbo ukapigwa. Watoto waliokuwa uani wakaruka na kupaza sauti pamoja na spika, neno kwa neno: "Pairan Simu, mbele ya soko, hakuna mwingine!" Nikatabasamu. Nilitaka ushahidi gani tena?

Ndipo Sumirah akatoka jikoni na sinia la chai.

Sumirah ni jirani yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Huimba kwenye harusi, na wimbo wa tempe ni wake. Aliuza ndama wake ili alipie studio. Hayo nilikuwa nayajua siku ile ile nilipoupakua, na sikuwahi hata kumwambia kwamba ninao. Mbele ya watu wote wale nilikuwa nimesimama nadai wimbo wake kuwa wangu.

Alianzia kwangu, akanipa glasi ya chai kwa mikono miwili.

"Kaka Pairan," akasema taratibu, "huna ulio safi? Usio na sauti yako?"

"Wa nini, dada? Maneno yako yote yamo. Sijakata hata moja."

"Si maneno. Pale mwanzoni, kabla sijaanza kuimba. Mama yupo pale."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Anaita wateja wa tempe. Nilimpeleka studio, akaona haya, akaita mara moja tu. Studio ilishafungwa, sidii zangu zilienda na mafuriko, na walizonazo watu zimekwaruzika, nimezunguka nikiuliza. Sasa na yeye hayupo."

Nilikumbuka. Kweli palikuwa na sauti ya mwanamke, kwa mbali, ikivuta neno. Nilidhani ni kelele za barabarani. Nilipachagua pale kwa sababu palionekana hapana kitu.

Giyono aliinamia kamba yake kama aliyeambiwa yeye. Ile chai niliishika mpaka ikapoa, nikaona aibu hata kuinywa.

Nilirudi kibandani nikatafuta. Faili la awali nililifuta siku nilipoweka sauti yangu juu yake. Tovuti nilikoupakua ilikuwa imefungwa. Nikautafuta kwingine, nikaukuta kwenye tovuti zaidi ya thelathini, nikapakua mmoja mmoja. Kila nilipoufungua, nilijikuta mimi. Pairan Simu, mbele ya soko, hakuna mwingine.

Kesho yake, wakati wa kupitisha sahani za wali, nilimfuata Sumirah kando ya jukwaa. "Sijaupata, dada," nikamwambia. "Nisamehe."

"Umejitahidi, kaka," akasema, akashika kipaza sauti na kupanda.

Wageni wakaomba wimbo wa tempe. Muziki ukaanza, na watoto wakapaza sauti kama kawaida yao. Sumirah akasimama kimya, macho chini, akasubiri wamalize jina langu, ndipo akaimba.