Wimbo wa Nduku, Ijumaa Kuu

Nduku, nesi wa hospitali hapa Kilifi, ana sauti ndogo. Ukiitegea sikio inakuingia polepole kama chai ya tangawizi. Lakini kanisani kwetu Kibarani hakuna aliyewahi kuisikia, maana Mzee Kamande, mzee wa kanisa, lazima aje mezani kwangu, ninapoendesha mtambo wa spika, azungushe swichi ya sauti mpaka mwisho. Kwake yeye, ibada wasiyoisikia majirani haijafika mbinguni.

"Mzee, spika zinalia."

"Wacha zilie. Hata Petro alilia."

Basi nikaapa Ijumaa Kuu Nduku atasikika. Wimbo wa msalabani si wa kupigiwa kelele. Nikakata kopo la samli nikalivisha balbu, mwanga umwangukie yeye peke yake. Halafu kando ya mtambo nikafunga swichi nyingine, kubwa, ya kung'aa, niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Sikuiunganisha na kitu.

"Hii mpya ni yako, Mzee," nikamwambia. "Ile ndogo iache."

"Naona umeanza kupata adabu, profesa nusu." Chuo niliacha mwaka wa pili, na hajanisamehe.

Jioni tukazima taa, kopo likawaka. Nduku akaanza. Watoto wakanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akijipepea akasahau mkono hewani. Sauti ilikuwa vilevile nilivyoisikia kichwani wiki nzima.

Mzee Kamande akaja. Akazungusha swichi yake, akangoja. Akazungusha tena mpaka ikagota. Nikauma ulimi nisicheke.

Akanitazama kwa huruma. "Pole, kijana. Mtambo umechoka."

Kabla sijamshika koti, alishafika mbele, amesimama katikati ya mwanga wangu.

"Nduku, dada yangu, mashine haina nguvu. Imba kwa nguvu za Bwana. Na nyinyi msaidieni kwa makofi. Washeni taa, msiba si giza."

Nduku akanigeukia, anauliza kwa macho. Ningesema nini? Kwamba mtambo ni mzima, ila nimemchezea mzee wa kanisa siku aliyokufa Yesu? Nikainamia nyaya.

Nduku akapayuka, maskini. Makofi yakawa ya harusi, mishipa ya shingo imemtoka, na spika zikaanza kupasua watu masikio. Ikabidi nimpunguze sauti mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mpaka asisikike.