Papa Bugali

Katika mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, kundi la WhatsApp la Wana wa Kamalondo wa Kweli lilikuwa na walinzi wengi kuliko wakazi. Mkuu wao, Casimir, alijiita Mwenye Mji, naye alizaliwa mbali, Mitwaba, akaingia Lubumbashi juu ya lori, amekalia magunia ya mihogo. Nusu ya wenzake waliishi Ulaya. Lakini mgeni akikohoa tu mle ndani, wote walirukia simu kama inzi walioona kidonda.

Kasereka hakuyajua hayo. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Goma. Alikuja Lubumbashi kufuata bidhaa, na mji wake ukaanguka mikononi mwa waasi nyuma yake. Mkewe, Joséphine, alikimbia kupitia Kalemie, akampigia kwa simu ya kuazima: “Nimefika Lubumbashi. Mama mumoja wa Kamalondo amenipokea.” Kabla hajapiga tena, wezi wa sokoni wakamchomolea Kasereka simu, na namba ikaenda nayo.

Alinunua simu nyingine, akazunguka Kamalondo mpaka soli zikafunguka. Ndipo fundi wa kushona, Mwansa, akamtia kwenye kundi hilo.

Kasereka akatuma sauti: “Jambo, ba ndugu. Natafuta bibi yangu Joséphine. Iko na kovu pa kidevu. Anajua sana kupika bugali, pengine bamemupatia kazi mu restora.”

Basi! Kwa neno hilo moja la ugali, mke wakamsahau papo hapo.

“Bu-ga-li!” akacheka Casimir. “Mzee, huku ni bukari!”

“Bamepoteza muji yabo,” akasema Angélique, “sasa banakuya kutuharibia Kiswahili.”

“Sema bukari mara tatu, papa, kisha tutatafuta bibi.”

Mtu mzima, mwenye mvi, akasema. “Bukari. Bukari. Bu…” Wakaichukua ile sauti, wakaisambaza mji mzima, pamoja na picha yake ya WhatsApp waliyoivika sufuria kichwani: Papa Bugali. Kumtafuta mke, hakuna aliyenyanyua hata kidole.

Siku moja mchana, ikaingia kundini sauti kutoka namba ya Angélique. Haikuwa ya Angélique.

“Kasereka, ni miye Joséphine. Niko restora ya mama Kalaba, ule alinipokea, nyuma ya soko. Huyu mama mwenye simu alikuwa anachezesha sauti yako, anacheka, njo nikamunyanganya simu. Kila midi, saa sita, anakulaka hapa, kovu yangu anaiona. Anasemaka hakuna bukari tamu kama yangu. Mama, ulikuwa unakula bugali!”

Kasereka alifika akikimbia. Joséphine alimkumbatia, mwiko ungali mkononi, wakalia mbele ya wateja. Angélique alishaondoka, sahani ameiacha nusu.

Wakiwa wamekaa, simu ya Kasereka ikalia. Casimir, kundini: “Papa Bugali! Unaona kazi ya kundi letu? Tuma photo yenu wawili, utushukuru.”

“Ni nani?” akauliza Joséphine.

“Hakuna muntu,” akasema Kasereka. Akajitoa kwenye kundi, akanawa mikono, akamega tonge.