Mtaro wa Shimo la Saba

Kilabu chetu cha gofu, kile cha juu ya kilima njia ya Kaptagat, kinatimiza miaka tisini, na wakubwa wanaandika kitabu cha historia yake. Sylvia, karani wa ofisi, alinisomea ukurasa wa shimo la saba: nyasi ilipandwa chini ya uongozi wa kapteni fulani. Basi. Kana kwamba kapteni alipiga magoti kwa matope.

Mimi Mabonga nimefyeka pale miaka thelathini na moja. Zamani hapakuwa na nyasi pale bendera inasimama. Ilikuwa mchanga uliokorogwa na oili chafu, unausawazisha na ubao ndio mpira upite. Wanawake sita ndio walitoa huo mchanga, wakapanga mawe chini ya udongo, mtaro wa kupitisha maji, wakapanda nyasi kipande kwa kipande, shubiri kwa shubiri. Bibi yangu Nasambu, mama ya watoto wangu, ndiye alikuwa anawaongoza. Alipougua, hao wakubwa hawakutoa hata gari ya kumfikisha hospitali. Kwa mazishi hatukuona hata mmoja wao. Sasa wanamtoa mpaka kwa karatasi.

Wiki ya mashindano ya sherehe mvua ilinyesha siku tatu, shimo la saba likawa bwawa la bata. Vijana wa kontrakta walichimba kutafuta mtaro wa zamani. Walifuata mteremko moja kwa moja, vile wasomi hufanya, wakaharibu nusu ya nyasi na hawakupata kitu. Ndipo Kapteni Kipkoech, huyu wa sasa, akanikumbuka.

"Mzee Mabonga, nasikia mtaro unaujua."

"Naujua."

"Tuonyeshe basi, mzee wangu. Wageni wanafika Jumamosi."

"Andika kwanza Nasambu kwa kitabu."

Akacheka. "Mzee, huu ni mtaro, si mtihani."

"Mtihani sikufika. Niliachia darasa la tatu. Lakini jina la bibi yangu naweza kusoma."

"Nitakufuta kazi!"

"Nifute, kapteni. Halafu uambie maji nayo yaende nyumbani."

Nikakaa juu ya wilbaro yangu. Manyunyu yakaanza tena, sikuinuka. Baada ya saa mbili hivi Sylvia akaja mbio na karatasi ndani ya nailoni, Kapteni nyuma yake. Nikafuata maandishi na kidole, pole pole: bibi ya Mabonga na wenzake.

"Hapana. Mimi sikubeba hata jiwe moja. Ana jina lake."

"Na hao wenzake, Mzee?" Sylvia akauliza.

"Wanja. Chepkoech. Wahu. Waiyego. Emmaculate."

Kapteni akashika kiuno. "Hata hao wote?"

"Ningewaacha, Nasambu angenigombeza."

Sylvia akaandika majina sita. Kapteni akatia sahihi. Nikasoma tena mpaka mwisho, ndipo nikachukua jembe.

Wale wanawake wakichimba walikuta mwamba, wakazungusha mtaro kwa nyuma, upande wa mikaratusi, mahali hakuna mtu angetafuta. Nikapima hatua kumi na nne kutoka kwa mwamba, vile Nasambu alinionyesha, nikachimba. Mawe yakatokea, yamebanana vizuri, mizizi imeziba katikati. Nilipokata mzizi wa kwanza maji yakaanza kunong'ona.

"Mungu wangu," Kapteni akasema, akanyoosha mkono anisalimie.

Mizizi ilikuwa bado mingi. Nikamwekea jembe mkononi.