Dozi Niliyowaachia Wengine

Desemba ile ya korona nilichomwa dozi ya kwanza, na ya pili nikapangiwa Januari, baada ya wiki tatu. Mavis naye alipangiwa wiki hiyo hiyo. Yeye ni mjane, mimi ni mgane, wote wa hapa Todmorden, Uingereza, mfereji ukiwa katikati yetu. Mapafu yake ni mabovu, na tangu Machi hakuruhusu mtu avuke kizingiti chake. Tulichobaki nacho ni simu ya saa kumi jioni. Lakini tuliahidiana: sote tukishachomwa mara mbili, nitakaa jikoni kwake tule pai ya tufaha. Miezi tisa sikuwa nimekaa meza moja na mtu.

Kisha serikali ikageuza kibao. Dozi ya pili isogezwe hadi wiki ya kumi na mbili, ili wengi zaidi wapate ya kwanza. Madaktari wakashikana mashati redioni. Mmoja alisema kinga kidogo kwa wengi ni bora kuliko kamili kwa wachache. Mwenzake akasema hiyo ni kamari, chanjo haikupimwa hivyo. Nilikuwa nawajibu kwa sauti nikimenya viazi, kana kwamba wananisikia.

Asubuhi moja akapiga simu binti wa mapokezi wa zahanati yetu.

"Mzee Ollerenshaw, waliokwisha kupangiwa wiki hii daktari kasema tusiwafutie. Ila ukitaka kumwachia mwingine, sawa tu. Unasemaje?"

"Mwachie mwingine, binti yangu. Mimi sina haraka."

Mtu mwenye haraka kunishinda hajazaliwa katika bonde hili. Lakini sisi ndivyo tulivyolelewa: ukikaribishwa chai, unasema umeshakunywa, huku koo limekauka. Ujinga mtupu, na nimezeeka nao.

Ili nisijione mjinga, nikaandika barua kwa gazeti la mji. Wazee tuna wajibu wa kungoja, nilisema, na kila dozi inayosogezwa inamkinga mzee mwingine. Wakaichapa na jina langu chini. Siku mbili nilijiona mtu.

"Nimeisoma barua yako," Mavis akasema jioni ya tatu.

"Umeionaje?"

"Imenyooka. Mimi leo nimechomwa ya pili."

"Hongera, bibie."

"Na wewe mpaka lini?"

"Katikati ya Machi."

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Haya bwana," akasema. "Shujaa wa gazeti."

Nilitaka kumwambia nimekosea. Badala yake nikamuuliza kama paka wake hajambo.

Februari akanipigia asubuhi, si saa yetu. Binti yake anakuja kumchukua, akaishi naye Devon, mbali huko kusini. Moja kwa moja.

"Ni vizuri," nikasema. "Kule hakuna baridi sana."

"Clifford, alinitaka tangu Krismasi. Nikawa namzungusha tu."

"Kwa nini?"

"We mzee, kweli unaniuliza kwa nini?" Alikohoa kidogo. "Nikasoma gazetini kwamba unaweza kungoja. Nikasema basi, huyu hana shida na mtu. Ungeniambia tu unataka kuja, ningekusubiri hata mwaka."

Nikamtakia safari njema. Ndicho kilichonitoka kinywani, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Machi nikachomwa ya pili. Baada ya sindano unakaa robo saa ukumbini wakuangalie, viti vimetenganishwa hatua mbili. Watu wakaja, wakakaa, wakaondoka. Mimi nikakaa tu. Wengine walikuwa wakipiga soga kuhusu mvua, nami nikajiingiza.

Walipoanza kukunja viti, yule binti wa mapokezi akanijia.

"Mzee, unajisikia vibaya? Saa nzima hiyo."

"Mwili hauna neno," nikasema. "Ila nikienda nyumbani sina mtu, na sitaki kwenda."