Tiki Nyekundu

Mke wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na popote alipokwenda alikuta kazi inamsubiri. Mimi ni fundi cherehani. Shule ya ugenini ilipomwita, nilimfuata, na kwenye pasipoti yangu wakagonga muhuri wa mtegemezi. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na vidole kumi vizima.

Miezi saba nilikaa ndani. Nilifupisha mapazia, nikayarefusha, nikayafupisha tena. Majirani waliposikia mke wangu anafundisha Kiingereza, waliniletea watoto wao niwafundishe na mimi, kana kwamba lugha inaambukizwa kama mafua. Nikisema nashona, walinitazama kwa huruma.

Ndipo nikapata kiwanda cha kushona sare za hoteli, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mwenyewe watu walimwita Mama Sare. Alinipa kola nishone, akaivuta, akaigeuza nyuma.

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Baba yako hakuwa na mchezo. Cherehani ya dirishani ni yako. Ila niletee karatasi ya uhamiaji kwamba ombi lako la kibali limepokelewa. Nakungoja mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikipita, nampa mwingine."

Fomu ilikuwa na kurasa nane. Niliijaza kwa siku mbili, nikampa Mwalimu aniangalizie; ndivyo nilivyomwita mke wangu hata nyumbani. Alikuwa mezani na rundo la madaftari ya wanafunzi. Akaipitia hapohapo, akaitia kwenye bahasha.

"Safi, fundi wangu. Peleka."

Nikapeleka bila kuifungua.

Alhamisi asubuhi karani wa uhamiaji aliitazama fomu yangu, akasita.

"Nani amepitisha hii?"

Akaigeuza nione. Kila jibu lilikuwa na tiki nyekundu. Jina langu, tiki. Tarehe ya kuzaliwa, tiki. Kimo changu, tiki.

"Bwana, humu ndani kalamu nyekundu ni ya mkuu wa kitengo peke yake. Tiki nyekundu maana yake ombi limekubaliwa. Umejikubalia mwenyewe?"

"Ni mke wangu. Ni mwalimu."

"Anafanya kazi ofisi hii?"

"Hapana."

"Sasa mbona anatoa vibali?" Akafunua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti. "'Kazi nzuri. Endelea hivyo.' Hii je?"

Foleni nzima ilicheka. Akanirudishia fomu yangu pamoja na nyingine tupu.

Nilimngoja Mwalimu atoke shule nikiwa nimefura. Nilipomwonyesha, alijiziba mdomo.

"Mkono umezoea," alisema.

"Umezoea kuninyima kazi?"

"Nimekunyima nini? Si nimekupa alama zote?"

Sikucheka. "Tangu tufike hapa naulizwa mke wangu anafundisha wapi. Mimi nashona nini, hakuna anayeuliza. Kesho saa sita nafasi inakwenda."

 Akashusha madaftari sakafuni, akaitumbukiza kalamu nyekundu kwenye kopo la sukari na kulifunga. Kisha akakaa kando yangu, akaikalia mikono yake yote miwili, nami nikanakili kurasa nane upya. Alisoma kila mstari bila kutamka neno.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye dirisha la uhamiaji. Karani akaenda kunywa chai. Akarudi saa nne na nusu, akahudumia waliotangulia, kisha akaichunguza fomu yangu ukurasa kwa ukurasa.

"Leo Mwalimu hajasahihisha?"

"Amekatazwa."

Akatafuta muhuri kwenye droo tatu. Nilipoondoka na karatasi yangu zilibaki dakika kumi na tano, na njia ile huchukua ishirini. Nilikimbia na viatu vya ofisini.

Nilikuta mtu amekaa kwenye cherehani ya dirishani, anatunga uzi. Mama Sare alitazama karatasi yangu, akatazama saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika mbili.

"Samahani, kaka," akamwambia yule mtu. "Inuka. Mwenyewe kafika."

Nilishona pale miaka tisa.

Mwalimu nimemzika mwaka juzi. Fomu iliyokataliwa ninayo, kwenye kopo lilelile la sukari, na nikiisoma bado naudhika. Swali la kumi na moja waliuliza tarehe ya ndoa. Niliandika mwezi siyo, naye akapiga tiki. Na alasiri ile niliponakili kosa lilelile mbele ya macho yake, aliendelea kuikalia mikono yake, akaniacha nikosee.