Doa la Namba Nne

Jumanne saa nne asubuhi Lorene Stuckey alimwaga kapu la sare kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, chini ya majukwaa. Wachezaji wa besiboli walikuwa ishirini na watano. Sare zilikuwa ishirini na sita. Ya ziada ilikuwa namba nne, yenye udongo mwekundu kwenye nyonga ya kushoto ya suruali, na mfukoni mlikuwa na punje saba za mahindi. Ilikuwa ya mumewe, Dewey, aliyekufa miaka sita nyuma. Aliiloweka pamoja na nyingine.

Kwa muda mrefu suruali za timu ile zilirudi safi. Ilikuwa miaka ya sindano za kunenepesha misuli. Wanaume wenye shingo nene kama mapaja waliupiga mpira ukavuka uzio hadi shamba la soya, kisha wakavizunguka vituo vyote vinne vya uwanja polepole, wakipunga mikono. Hakuna aliyehitaji kujitupa chini. Dewey alikuwa mdogo wa mwili. Kazi yake ilikuwa kuugusa mpira kwa gongo ulale karibu, kisha kukimbia, na kuiba kituo, yaani kuchomoka hadi kinachofuata mrushaji akizubaa. Kocha Voss alimwekea sindano mezani. Dewey hakuichukua, akaachishwa. Alienda kufanya kazi kwenye ghala la nafaka, na huko mahindi yakamfunika.

Sasa wachezaji walipimwa mkojo, na mpira haukuvuka tena uzio. Timu ilihitaji watu wa kuiba vituo, na hakuna aliyejua. Basi Dewey akaanza kuja mazoezini saa nane mchana, punje zikimdondoka.

"Mzee, umekufa na bado unaniacha mbio!" alilalamika Wilmer, mlinzi wa kituo cha pili.

"Wewe mzima, miguu ndiyo marehemu," alisema Dewey. "Achana na mpira. Mtazame mrushaji kisigino. Kikiinuka tu, ondoka."

Lorene aliwatazama kupitia kidirisha cha kufulia. Kila jioni sare ilirudi. Dewey hakurudi.

Timu ilianza kushinda. Mwezi wa nane Voss alishuka kufulia, kofia mkononi.

"Shemeji, mwambie mwenzio asituache kabla ya fainali."

"Mwambie mwenyewe. Na mbele ya watu useme kwa nini ulimfukuza."

Voss alikuna kidevu. "Nikisema hivyo, itabidi nishushe zile picha tatu za langoni, za mabingwa wa enzi ya sindano."

"Zishushe."

"Watu wanawapiga picha watoto wao pale, shemeji. Isitoshe, si nimempa kazi tena?"

"Kazi alikuwa nayo, kocha."

Voss akavaa kofia, akapanda ngazi.

Siku ya fainali timu zilikuwa zimelingana mabao, na Dewey alikuwa kituo cha tatu. Voss alitoa ishara: akagusa sikio, kisha mkanda. Wilmer akaugusa mpira kwa gongo, akaulaza mbele ya miguu yake kama mtu anayetua yai. Dewey tayari alikuwa njiani. Alijitupa kwa nyonga ya kushoto kwenye kituo cha mwisho, vumbi likapanda, na mwamuzi akatandaza mikono: amefika. Mtangazaji alilitaja jina la Wilmer mara mbili. Dewey, aliyefunga bao, alimwita tu "mkimbiaji wa akiba". Watu wakashangilia, wakatoka, wakapanga watoto wao chini ya zile picha tatu.

Uwanja ulipobaki mtupu, Lorene hakuiloweka namba nne. Aliichukua na udongo wake, akaipeleka langoni, akaitundika kwenye msumari pembeni ya picha.

Asubuhi aliikuta kapuni, imekunjwa vizuri. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Voss: "Doa la hii halijatoka. Rudia."

Lorene alitoa punje mfukoni, akazitia kwenye kopo pamoja na nyingine. Kisha akafungulia maji.